Mkono Mmoja, Asilimia Mbili Tofauti

Asanteni, kaeni tu, wa nyuma sogeeni mbele hiyo spika inakoroma. Leo siongei WIBA yote, hiyo sheria ya Kenya ya 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini, tutakesha hapa, nataka tuongee asilimia ya ulemavu peke yake. Maana kampuni siku hizi hazibishani sana ati hukuumia, vita iko kwa ile namba daktari anaandika kwenye fomu ya DOSH, ile idara ya serikali ya usalama na afya kazini.

Hebu tupige hesabu. Ulemavu wa kudumu unalipwa kwa mshahara wa miezi 96. Unapata 20,000, mara 96 ni 1,920,000. Daktari wa kwanza akikupa asilimia 20, hiyo ni 384,000. Bima wanakupeleka kwa daktari wao, anasema 8, imeshuka mpaka 153,600. Na mkono ni ule ule!

Kuna kijana mmoja fundi wa nguo nilimsindikiza kwa daktari wa pili, mashini ilikuwa imemkula kidole gumba, akaambiwa kunja ngumi, akakunja nusu nusu jasho likimtoka, daktari akaandika "anakunja vizuri", hata dakika tano hazikuisha. Tukitoka namuuliza, ulimwambia unashona? Hakuulizwa, naye akanyamaza. Pesa ilipotelea hapo, kwa sababu ile orodha ya viungo iliyo kwenye sheria inampa soja wa geti na fundi asilimia sawa, lakini sheria hiyo hiyo inamruhusu Mkurugenzi wa DOSH kuongeza kama kazi yako inafanya jeraha likuumize kuliko wengine. Sasa ataongezaje na hajui unashika sindano?

Vidole na macho afadhali, yako kwenye orodha. Mgongo ndio balaa, hapo kila daktari na yake, bila picha na karatasi za hospitali tangu siku ya kwanza utaambiwa ni uzee.

Na msikimbilie kortini moja kwa moja, hayo Mahakama ya Juu iliyamaliza Desemba 2019, unaanza kwa Mkurugenzi. Uamuzi wake ukikukwaza una siku 60 kuandika pingamizi, yeye anajibu ndani ya 14, bado hujaridhika una 30 za kwenda korti ya kazi. Watu wanamalizia hizo 60 wakipiga simu kwa HR, "njoo wiki ijayo, njoo wiki ijayo".

Ndiyo mama, uliza. Kwamba ulishasaini vocha ya bima, ile karatasi ya kukubali malipo yao? Ulisomewa kabla ya kusaini? Haya, usiondoke, tukimaliza hapa niletee tuione pamoja.