Kivukoni: Mtu wa Kimara Akifika Baharini, Akae Wapi?

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Leo nitazungumzia kipande kimoja tu cha pwani yetu ya Dar es Salaam, kuanzia Kanisa la Azania Front mpaka soko la samaki la Feri. Jiji lilianzia maeneo hayo. Boma la Kale, la enzi za Sultani Majid katika miaka ya 1860, halipo mbali na hapo.

Tangu 2016 mabasi ya mwendokasi humshusha mtu wa Kimara pale pale Kivukoni. Akishashuka, wengi wenzake wanakimbilia pantoni. Yeye aliyekuja kupunga upepo tu na wanawe, akae wapi bila kununua kitu? Mimi mradi wowote wa kuipamba pwani hii nitaupima kwa swali hilo kwanza.

Tazameni Forodhani, Unguja. Bustani ile ilifunguliwa 1936 kwa jubilei ya Sultani Khalifa, ikakarabatiwa na kufunguliwa tena 2009 kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan. Ukuta wa bahari ukatengenezwa, taa zikawekwa, na wachoma pweza wakabaki. Getini hakuna anayekudai kiingilio. Jioni vijana wanajirusha majini, na wazee wamekaa kwenye mabenchi wanawatazama. Nikisema sehemu ya umma, nina maana hiyo.

Sasa, bahari yetu ina tabia zake. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3. Ukijenga ukuta mtupu, maji yakipwa mtu anaitazama bahari kwa mbali kama yuko ghorofani. Zinatakiwa ngazi pana za kushukia, zinazozama na kuibuka. Na Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuleta madhara, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Anayetaka kuleta mgahawa wa vioo ukingoni aisome kabla hajachora.

Miti ya kivuli, vyoo, maji ya kunywa: hayo hayahitaji mjadala.

Wapangaji wa jiji mlio humu ukumbini, nawaomba michoro ya kwanza ibandikwe Feri, kwa Kiswahili, kabla mkandarasi hajapatikana. Na wa kuandika maoni awepo alfajiri, wakati wa mnada. Akija saa nne atakuta wavuvi wengi wameshaondoka.