Toka na Kitambaa Nje

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo, marahaba kabla hamjanisalimu. Nimeambiwa nina dakika chache chai isije ikapoa, kwa hiyo nasema na mafundi cherehani na nyinyi wa kamati za harusi, juu ya kitambaa tu, kwa jicho la mtu anayekaa nyuma ya kamera.

Sare zinavyochaguliwa hapa mjini Mbeya mnajua. Watu wanne wanaingia dukani Mwanjelwa, juu kuna taa ya tyubu, muuzaji anakunjua jora, wote: "Hii kali!" Imelipiwa. Picha zitapigiwa wapi, hakuna aliyeuliza.

Kamati moja ilichagua satini ya kijani cha kung'aa, halafu ikaamua picha zipigwe kwenye mashamba ya chai, njia ya Tukuyu, saa sita na nusu. Nilikuwa kijana, sikuthubutu kubisha. Nilipozifungua kwenye kompyuta, wasimamizi sita walikuwa wamemezwa na chai, zimebaki nyuso zinaelea. Na chini ya kila kidevu, kijani! Satini ni nusu ya kioo: jua likiipiga kifuani inarusha rangi yake juu, ngozi inaipokea. Bibi mmoja wa ukoo alitazama akauliza, "Huyu mtoto anaumwa nini?" (Kicheko.) Nilisafisha uso mmoja mmoja kwa siku tatu.

Kwenye chai vaeni damu ya mzee, haradali, chungwa, zambarau. Kijani chenu kipelekeni Isimila kule Iringa, mbele ya zile nguzo za udongo, mtaniambia. Na kikiwa cha pamba isiyong'aa, nitashukuru zaidi.

Sasa nyeupe. Kamera haijui kwamba hili ni gauni. Inapima mwanga wa vyote inavyoviona, na inataka wastani wake uwe kijivu cha kati. Bibi harusi wa nyeupe pe akijaa kwenye picha, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso wa maji ya kunde unazama, macho huyaoni. Hapo mnasema mpiga picha mbovu. Wakati mwingine ni kweli. Lakini krimu, au lesi yenye kivuli kidogo ndani yake, inatupunguzia vita wote.

Na tusijilaumu peke yetu. Enzi za filamu, Kodak waligawa kwa maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu. Kadi zenyewe zikaitwa Shirley. Ngozi yetu haikuwa kwenye hesabu. Inasimuliwa kwamba waliokuja kusikilizwa ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kuwa rangi ya kahawia haitoki sawasawa. Chokoleti, ndugu zangu!

Bwana harusi, achana na shati la vimistari vyembamba. Ndani ya kamera kuna vijinukta vilivyopangwa safu kwa safu. Safu hizo zikigombana na mistari yako, shati linatoa mawimbi, na kwenye video linacheza kuliko wewe.

Mafundi, hili ni lenu. Kamera ina jicho moja, kina haikioni. Gauni la kuachia ambalo mtaani linapepea vizuri, kwenye picha ni gunia: upana wa mtu unakuwa upana wa kitambaa. Mama mnene msimfiche. Mpeni mshono wa kiuno, pale chini kidogo ya kifua, na shingo ya V. Halafu mwenye kitenge cha maua makubwa asimame katikati ya kundi, maana lenzi pana za simu zinawavuta walio pembeni na maua yao.

Harusi za Juni na Julai je? Mji uko kama mita 1,700 juu ya bahari, baridi yake mnaijua. Nimepiga wasimamizi wa dhahabu waliovaa masweta ya shule juu. Kateni koti dogo la kitambaa hicho hicho, mita chache tu zaidi.

Kabla ya kulipia, ombeni kipande, tokeni nacho nje saa ile ile ya picha, kiwekeni chini ya kidevu cha mweusi kuliko wote na mweupe kuliko wote, mpige kwa simu. Mama mwenye kitenge cha samawati, njoo hapa mlangoni. Na wewe kijana wa shati jeupe. Simu ya nani ina chaji?