Hawa Walikula Michembe

Mwenyekiti, walimu wangu, nanyi vijana wa mwaka wa tatu, habari za mchana. Najua mmetoka kula, na mada imewekwa saa nane kamili. Atakayesinzia asinzie kimya kimya.

Nimeombwa nizungumzie watu wanaofanya kazi katika kampuni za ushauri wa sera za jamii na uchechemuzi, yaani kuwasemea watu mbele ya wanaotunga sera. Aliyeandika kichwa hiki alitaka niwasomee orodha: mkurugenzi, mtaalamu wa takwimu, afisa sera, mhasibu. Orodha hiyo mtaikuta ukutani kwenye ofisi yoyote, na picha zake, watu wamekunja mikono kifuani kama wanangoja kugombana. Mimi nitamzungumzia ambaye picha yake haipo pale ukutani. Naona walionizoea wameanza kucheka. Ndiyo, ni yule yule. Nimemsema Morogoro, nimemsema Arusha, juzi nilimsema msibani mpaka mke wangu akanifinya.

Mdadisi. Yule anayekwenda na dodoso, zile karatasi za maswali, nyumba hadi nyumba. Anaajiriwa siku kumi, anafundishwa siku mbili, halafu kwenye ripoti anaandikwa hivi: "wadadisi 12".

Mwaka 2009 tulipata kazi ya kupima hali ya chakula katika wilaya moja ya Mkoa wa Tabora. Mfadhili alitaka ripoti nene, pamoja na muhtasari wa kurasa nne wa kupelekwa Dodoma. Dodoso tuliliandika Dar es Salaam, tena kwa Kiingereza, ndivyo tulivyo, kisha tukalitafsiri. Swali la 34 lilisema: "Jana, je, kuna mtu yeyote katika kaya hii aliyekaa kutwa nzima bila kula chakula?" Ndiyo, zungushia 1. Hapana, zungushia 2. Tukalipitia ofisini, watu wanne wenye shahada, tukalipenda.

Madodoso yalirudi kwenye maboksi ya sabuni. Takwimu zikaingizwa, jedwali likatoka. Katika vijiji vinane, vijiji viwili karibu kila nyumba kuna mtu aliyeshinda na njaa. Vile sita vingine, wapo wachache tu.

Mnadhani nilifanya nini? Nilifurahi. Msininyooshee macho hivyo, mtu wa utetezi akipata namba kama ile anafurahi kama mvuvi aliyenasa nguru mkubwa. Siku ile ile niliandika aya ya kwanza ya muhtasari, na ilikuwa tamu kweli kweli. Niliweka na mtoto anayelala huku akisikiliza tumbo lake likinguruma. Huyo mtoto nilimtunga mwenyewe, nikiwa nimeshiba, chini ya feni.

Sasa, mmoja wa wadadisi wetu, dada wa huko huko Tabora, alikuwa amekuja Dar kwa mjomba wake, akapita ofisini kufuata malipo yake ya mwisho. Mhasibu alikuwa benki. Nikamwambia, kaa hapo dada, anarudi sasa hivi. "Sasa hivi" ya mhasibu mnaijua. Akakaa saa nzima. Mashine ya kuchapa ilikuwa karibu naye, karatasi zangu zikawa zinatoka, akaanza kusoma. Akasoma, akarudia. Halafu akaniambia kwa upole, kama mtu anayekuonyesha kuwa shati lako limefunguka kifungo:

"Kaka, hawa walikula michembe."

Wa pwani nisaidieni kuwaeleza wenzenu; au basi, naona nyie ndio hamjui. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande vikaanikwa vibichi. Vikichemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, hayo ni matobolwa. Ukihitaji unavipika, unaweza kuchanganya na karanga zilizotwangwa, mambo yanakwenda. Lakini katika nyumba zile, mtu akikuambia hajala, maana yake hajala ugali. Chakula ni ugali. Hivyo vingine mtu anatafuna, anapoza tumbo, anasogeza siku.

Akanieleza alichokiona. Sufuria jikoni, bado ina maji ya kahawia. Mtoto kasimama mlangoni na kipande cha kiazi mkononi. Na mama mtu amekaa kwenye kigoda anajibu kwa moyo mmoja: hatujala toka juzi. Mama hadanganyi! Na huyu dada amefundishwa na sisi, kwa ukali, kwamba mdadisi haandiki anachofikiri, anaandika alichojibiwa. Akazungushia 1. Ila roho ikamsuta, akaandika kwa penseli pembeni mwa ukurasa: michembe.

Tukashusha maboksi. Kweli bwana. Ukurasa wa saba, pembeni, penseli: michembe. Michembe na karanga. Michembe. Aliyeingiza takwimu hakuwa na mahali pa kuweka penseli ya mtu, akaruka. Na vile vijiji sita vingine? Tukawapigia simu wadadisi waliokwenda huko. Nao waliambiwa "hatujala", nao waliona sufuria, wakaamua kwa akili zao kwamba hawa wamekula, wakazungushia 2. Vile viwili walipewa huyu dada na mwenzake, waliotii mafunzo yetu. Mnaona? Jedwali langu halikuwa limepima njaa. Lilikuwa limepima nani kati ya wadadisi anatii maelekezo.

Nikamwambia dada, basi asante, umetuokoa, kumbe njaa hakuna. Akanitazama.

"Njaa ipo, kaka. Michembe ni ya kungojea mavuno. Mwezi wa kumi na mbili huko, wa kwanza. Sisi tulikwenda mwezi wa tisa."

Mahindi yamevunwa mwezi wa tano, wa sita. Mwezi wa tisa nyumba inatakiwa iwe na unga. Ukiikuta inapika michembe mwezi wa tisa, ujue ile mvua inayosubiriwa itawakuta gunia liko tupu. Hiyo ndiyo ilikuwa habari ya kupeleka Dodoma, na sisi hatukuwa na hata swali moja la kuiuliza. Ilikuwa kichwani mwa mtu tuliyemkodi siku kumi, ambaye siku ile alikuwa anadai pesa yake ya nauli.

Najua kuna mwenye mkono juu hapo nyuma. Unataka kusema tafsiri ilikuwa mbovu, mngeajiri mfasiri. Fungua kamusi yoyote ya Kiswahili: chakula ni kitu kinacholiwa. Michembe inaliwa. Tafsiri ilikuwa sahihi kabisa, mwalimu wako wa isimu angekupa alama zote. Kilichokosekana ni mtu wa kule kukaa mezani wakati swali linaandikwa.

Mwingine atasema hayo ni ya zamani, mzee, siku hizi tuna vishikwambi. Eee, nilikuwa nakungoja wewe. Sensa ya 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, na mimi sina ugomvi navyo. Takwimu zinafika mapema, makosa ya kuandika yanapungua. Lakini kishikwambi hakina pembeni. Huyu dada angekuwa na kishikwambi, angebonyeza "Ndiyo", skrini ingemrukisha hadi swali la 35, na penseli yake ingebaki kwenye mkoba. Mimi ningekwenda Dodoma na mtoto wangu wa kutunga. Na Dodoma kuna wabunge waliozaliwa vijiji vile. Mmoja angesimama akauliza swali moja tu: mheshimiwa mtaalamu, michembe unaifahamu?

Siku hizi kwenye kila programu ya kukusanya takwimu nadai kiwekwe kisanduku kitupu baada ya kila sehemu. Watu wa takwimu wananichukia. Wanasema maandishi huru hayachambuliki. Yanachambulika, unakaa chini unayasoma.

Na si chakula peke yake. Chukua neno "kaya". Tunafundisha kwamba kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Sensa ya 2012 ilitupa wastani wa watu 4.7 kwa kaya, ya 2022 ikatupa 4.3. Mnazisoma namba hizo kama zimeshuka kutoka mbinguni. Kila moja imetoka kwa mtu aliyesimama uani akijiuliza: yule kijana anayelala chumba cha nje na kula kwa mama yake usiku tu, nimuweke wapi? Mpango wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, wa kunusuru kaya masikini umebeba neno hilo hilo mgongoni, kuanzia kwenye mkutano wa kijiji unaotaja majina hadi kwenye malipo. Mkisikia kuwa watu asilimia 26.4 wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari wa umaskini mwaka 2017/18, ipo siku mtu alikaa kwenye mkeka wa mtu mwingine akiuliza mafuta ya taa mnanunua ya shilingi ngapi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Bado nina mambo matatu, nitayakimbiza.

La kwanza, hili neno uchechemuzi. Nimekwenda nalo kijijini, nikawaambia wazee tumekuja kuwajengea uwezo katika uchechemuzi. Mzee mmoja akageuka kwa mwenzake: "Wametoka Dar kuja kutufundisha kuchechemea?" Mwenzake akasema, "Mimi nimeshahitimu," akainua fimbo yake. Msemeeni mtu, mteteeni, mshawishini. Maneno yapo.

La pili ni wale wa kutembeza hoja: mwanasheria, na yule anayejua ni mlango gani wa wizara unafunguka. Watu hawa wana sifa yao, na wanastahili. Kesi ya Rebeca Gyumi mnaijua, nyie ndio mnaosoma Sheria ya Ndoa ya 1971 na ile miaka 15 ya binti kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, aliyoipinga mahakamani. Mahakama Kuu ilimpa ushindi Julai 2016, serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha, ikakata rufaa, Mahakama ya Rufani ikaitupa Oktoba 2019. Watu walipiga picha wakaenda nyumbani. Lakini hukumu haijiandiki yenyewe kwenye kitabu cha sheria. Anatakiwa mtu wa kufuatilia, kikao baada ya kikao, barua baada ya barua, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, na hakuna mfadhili anayependa kulipia nauli ya mtu anayekwenda kuuliza "imefikia wapi". Mkipata nafasi hiyo msiidharau. Na mjue kalenda. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Ukileta muhtasari wako Juni, wakati hotuba ya bajeti inasomwa, umekuja kwenye harusi siku ya kuosha vyombo.

La tatu lilihusu Sheria ya Takwimu ya 2015, mabadiliko ya 2018 na namna yalivyolegezwa 2019. Hilo ni somo la siku nzima, naliacha. Kasomeni, maana mtakaposhika namba mikononi sheria ile itawahusu nyie kabla ya kumhusu mkurugenzi.

Nimalizie deni. Wengine mnaniuliza kila mara: yule dada mlimfanya nini? Mhasibu alirudi, akalipwa siku zake kumi, akasaini, akaondoka. Muhtasari tuliuandika upya, ukawa mzuri, nikasifiwa. Ukurasa wa shukrani ulimtaja mfadhili, halmashauri, na dereva wetu, kwa kuwa dereva alikuwepo ofisini siku tunauandika. Yeye nilimsahau. Jina lake nililikumbuka ripoti imeshafungwa jalada, nikaona aibu kumpigia simu, na aibu ikageuka kuwa miaka. Nilipompata alikuwa anauza vitambaa Nzega, na akaniambia hakuwahi kuiona ripoti yenyewe. Nikamtumia. Akanijibu kwamba ukurasa wa kumi na tisa tumekosea jina la mto.

Madodoso mawili ya mwaka ule nimekuja nayo, yako pale mezani karibu na chupa za maji. Majina ya kaya nimeyafunika kwa karatasi, msibandue. Fungueni ukurasa wa saba. Penseli imefifia, sogezeni dirishani.