"Seva Iko Chini" Haitoshi: Kusoma Jibu la Mashine ya Mbali kwenye Mstari wa Amri

Asanteni, na habari za asubuhi. Nitaingia moja kwa moja kwenye jambo ambalo baadhi yenu mmeshanisikia nikilisema. Taarifa inaandikwa "seva iko chini". Ukimuuliza aliyeandika amejuaje, anajibu: "Nimepiga ping, kimya." Halafu seva inazimwa na kuwashwa, inarudi hewani, watu wanapongezana, na kila kilichoweza kutueleza chanzo kimefutika pamoja na kumbukumbu ya mashine. Miunganisho iliyokwama haipo tena, foleni iliyojaa haipo, na njia iliyobadilika imerudi kama zamani. Baada ya siku chache tatizo ni lile lile, nasi hatujui zaidi ya tulivyojua mwanzo. Jambo hili linanikera, nami nitaendelea kulisema.

Tuanze na hiyo ping, amri ya kuuliza kama mashine ya mbali inasikika. Mike Muuss aliiandika Desemba 1983 akiwa na hitilafu ya mtandao ya kutafuta, na kwa kazi ile ilitosha. Inatuma ujumbe wa ICMP, itifaki ya taarifa za mtandao wenyewe, aina ya 8 (ombi) na kungoja aina ya 0 (jibu). Anayejibu ni keneli (kiini cha mfumo endeshi) ya mashine ya mbali. Hifadhidata yako haihusiki, tovuti yako haihusiki, wala hakuna poti (mlango wenye namba wa huduma) iliyoguswa. Kwa hiyo mashine ambayo huduma zake zote zimekufa inaweza kujibu ping bila wasiwasi, na mashine nzima kabisa iliyo nyuma ya faiwoli (kichujio cha mtandao) inayozuia ICMP haitajibu hata ukingoja mpaka jioni. Ping ikijibu, umejua kwamba pakiti zinakwenda na kurudi. Isipojibu, bado hujajua kitu. Tafadhali msiandike taarifa kwa msingi wa kutojua kitu.

Gonga poti yenyewe. Amri ni nc, inayojaribu kufungua muunganisho; hapa poti ni 5432, ya hifadhidata ya PostgreSQL:

nc -vz -w 5 192.0.2.10 5432

Kwamba -v inakuonyesha jibu na -z inafungua muunganisho bila kutuma data, hayo mnayajua. Hiyo 5 ndiyo watu wanaichezea. Wanaweka 1 ili wamalize haraka. Keneli ya Linux ya kabla ya toleo la 6.5 ikituma SYN (pakiti ya kuomba muunganisho wa TCP) ya kwanza isijibiwe, inatuma ya pili baada ya sekunde 1, ya tatu baada ya sekunde 2 nyingine, kisha 4, na kuendelea. Ukiweka sekunde 1, pakiti moja tu ikipotea njiani wewe umeshakata tamaa na umeshatangaza msiba. Usipoweka kikomo kabisa, kwa mpangilio uliozoeleka wa majaribio 6 utakaa zaidi ya dakika mbili ukitazama skrini. Sekunde 5 zinatosha SYN tatu kutoka na jibu kurudi.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo penye kazi. Poti ikifunguka, hilo halina maelezo. Isipofunguka, kuna majibu matatu tofauti, na kila moja linakupeleka kwa fundi tofauti. Anayeyaandika yote matatu "haipatikani" ametupa habari aliyokwisha kupewa bure.

La kwanza ni "Connection refused". Watu wakiliona wanashtuka, kumbe ni habari njema. SYN yako ilifika na RST, pakiti ya kukataa, ikarudi. Anwani ina mwenyewe, njia ya kwenda ipo, njia ya kurudi ipo, keneli ya upande wa pili iko hai. Umebisha hodi na mtu wa ndani amekujibu kwamba unayemtafuta hayupo. Mtu wa mtandao mwache alale. Ingia kwenye mashine hiyo uorodheshe poti zinazosikiliza:

ss -tlnp

Tafuta poti yako. Isipokuwepo, huduma haijawaka, kasome logi zake. Ikiwepo, usiishie hapo, soma safu ya anwani. Mara nyingi utakuta mstari wa namna hii:

LISTEN 0 200 127.0.0.1:5432 0.0.0.0:*

Hiyo 127.0.0.1 ndiyo inayokula saa za watu. Huduma iko macho, lakini inasikiliza wa ndani ya mashine tu. Aliye ndani anajaribu kwa localhost, inafunguka, anasema "kwangu inafanya kazi". Wa nje anakataliwa, anasema "mtandao mbovu". Wote wawili wanasema walichokiona, na wanaweza kubishana hivyo mchana kutwa. PostgreSQL ndivyo inavyokuja ikisakinishwa: listen_addresses yake ni localhost mpaka uibadilishe kwenye postgresql.conf, kisha uiwashe upya huduma hiyo. Nasema huduma, si mashine. Na ukishabadilisha ukapata ujumbe wa "no pg_hba.conf entry", usiseme bado haijafunguka. Hifadhidata yenyewe ndiyo inakujibu sasa, na hapo mtandao umeshamaliza kazi yake.

Najua kuna atakayenyoosha mkono aseme refused inaweza kutoka kwenye faiwoli. Ni kweli. Kanuni ya REJECT ya iptables (faiwoli ya Linux), usipoielekeza vingine, inarudisha ujumbe wa ICMP kwamba poti haifikiki, na programu ya Linux inautafsiri kuwa refused. Ukitilia shaka, acha tcpdump, inayoonyesha pakiti zinazopita, ikisikiliza upande wako huku ukijaribu tena. Ikirudi RST, kuna TCP iliyokujibu. Ikirudi ICMP, kuna faiwoli, na anwani iliyoutuma ujumbe huo itakuambia ni ya nani. Hata hivyo umejibiwa, na kujibiwa si sawa na kimya.

Kimya ndicho jibu la pili: "timed out". Hili ndilo gumu, kwa sababu visababishi vinne vina sura moja. Faiwoli imeimeza pakiti kwa DROP, kanuni ya kutupa bila kujibu. Au anwani si yenyewe, ama mashine imezimika kweli. Au pakiti ilifika lakini jibu halina njia ya kurudi. Au huduma imezidiwa. Kuvitenganisha si kazi ya kubahatisha. Kwanza gonga poti nyingine ya mashine ile ile, tuseme 22. Ikifunguka, au hata ikikataa, mashine iko hai na njia ipo, kwa hiyo shida ni ya poti hiyo moja. Poti zote zikiwa kimya, shida ni pana zaidi: njia, mashine yenyewe, au faiwoli iliyofunga kila kitu.

Pili, kama una namna yoyote ya kuingia kwenye mashine ya mbali, hata kwa konsoli, fungua hii kule:

tcpdump -ni any tcp port 5432

Kisha rudia nc kutoka upande wako na utazame. SYN isipoonekana kabisa, imeishia njiani, kamtafute mwenye ruta au mwenye kanuni za wingu. SYN ikionekana na hakuna SYN-ACK (jibu la kukubali) inayotoka, shida iko ndani ya mashine hiyo. Msidanganyike hapa: tcpdump inaiona pakiti inayoingia kabla iptables haijaigusa, kwa hiyo kuiona si ushahidi kwamba faiwoli ya ndani imeiruhusu. Na SYN-ACK ikionekana inatoka lakini wewe huipati, njia ya kurudi ndiyo iliyokatika. Andika ip route get ikifuatiwa na anwani yako, uone mashine inataka kukujibu kupitia kadi ipi. Mashine zenye kadi mbili za mtandao zinaumiza watu hapa: ombi linaingia kwa kadi moja, jibu linatokea kwa nyingine, na faiwoli ya katikati inalitupa kwa sababu haikuuona mwanzo wa mazungumzo.

Na kile cha nne, huduma iliyozidiwa. Rudi kwenye ss -tln. Kwenye mstari wa LISTEN, Recv-Q ni idadi ya miunganisho iliyokamilika inayosubiri programu iichukue, na Send-Q ni kikomo cha foleni hiyo. Ukikuta 129 na 128, foleni imejaa. Programu imeganda, na keneli inazitupa SYN mpya bila neno. Kwa mtu wa nje dalili ni ile ile ya faiwoli: kimya. Hapa ndipo mtu anapoizima mashine, inapona, anaandika "tatizo la mtandao limetatuliwa". Programu ilikuwa imeganda kwa sababu fulani, na sababu hiyo ameizika kwa mkono wake. Chukua picha ya ss -tanp kwanza, iweke kwenye faili, ndipo uzime unachotaka kuzima. Sekunde kumi hazikuchelewesheni.

Jibu la tatu ni "No route to host". Angalia lilichukua muda gani. Likija papo hapo, mara nyingi ni faiwoli inayokataa kwa ICMP ya "prohibited", kama firewalld, msimamizi wa faiwoli wa Linux, inavyofanya. Likichukua kama sekunde 3 na mashine mko mtandao mmoja, ARP, swali la nani mwenye anwani hiyo kwenye mtandao huo, haikujibiwa. Andika ip neigh. Ukikuta FAILED mbele ya anwani hiyo, nenda kwenye waya, swichi au mashine yenyewe.

Wengine watasema nc haipo kule na hawaruhusiwi kusakinisha kitu. Bash, shell ya Linux, ipo:

timeout 5 bash -c '</dev/tcp/192.0.2.10/5432'; echo $?

Ikirudi 0 poti imefunguka. Ikirudi 1 umejibiwa, soma ujumbe uliotoka. Ikirudi 124 ni kimya, timeout ndiyo iliyoikata. Kwenye kontena lenye sh tupu haitafanya kazi, kwa sababu hiyo /dev/tcp ni ya bash, si faili la kweli.

Na jaribu kutoka mahali sahihi! Kompyuta yako ya mezani si seva ya programu. Kanuni za faiwoli zinatazama chanzo, kwa hiyo poti iliyofunguka kwako inaweza kuwa imefungwa kwa mashine inayolalamika. Andika ssh app1 nc -vz -w 5 db1 5432, upate jibu la app1 (seva ya programu) kuhusu db1 (ya hifadhidata).

Naona muda unanibana, haya yaliyobaki nayapitia mbio. Majina: dig, inayouliza DNS, haisomi /etc/hosts, faili la majina la mashine yenyewe; programu zenu nyingi zinaisoma. Tumieni getent ahosts muone mashine inapata anwani zipi, na kama IPv6 imetangulia huku haipiti, jaribuni curl -4 na curl -6 mlinganishe. Njia: kwenye mtr, inayopima kila ruta ya njiani, upotevu unaoonekana kwenye ruta ya katikati na kutoweka kwenye zinazofuata si upotevu, ruta hiyo inabana majibu yake ya ICMP tu. Tazameni mstari wa mwisho. UDP, isiyofungua muunganisho kama TCP: nc -u ikisema "succeeded" msiamini, maana yake ni kwamba hakuna aliyekataa. Pimeni DNS kwa dig, si kwa nc.

Na MTU, ukubwa wa juu wa pakiti inayopita. SSH inafunguka kisha inaganda kwenye kubadilishana funguo, au tovuti inaunganika na ukurasa haushuki: pakiti ndogo zinapita, kubwa zinamezwa. Andikeni ping -M do -s 1472 kwenda kule; -M do inakataza pakiti kukatwa vipande. 1472 na baiti 28 za vichwa ni 1500. Isipopita na ndogo inapita, shukeni mpaka ipite. Kwenye PPPoE, inayotumika kwenye laini nyingi za DSL, mtaishia 1464. Mkipata namba, ongezeni 28, hiyo ndiyo MTU ya njia yenu.

Nilitaka kugusa na conntrack, orodha ya keneli ya miunganisho inayoifuatilia, lakini muda hautoshi. Aliye na swali la hapa kwenye RST na ICMP aanze, nimeona mikono miwili.