Kabla hujazalisha samaki, mjue kwao

Jamani waliosimama mlangoni ingieni, viti vipo. Najua wengine mmeshanichoka, kila nikipewa nafasi hapa Lindi ni samaki na kwao, samaki na kwao. Leo tena. Acheni kwanza kununua vifaranga kwa mtu wa pikipiki msiyemjua ndo na mimi ntanyamaza.

Twende India kidogo. Kule mitoni kuna samaki wanamwita mahasiri, magamba mapana, nguvu balaa, watu wanamvua kwa ndoana kwa starehe tu, kushindana naye. Mwaka 1946 mto Kabini alitoka mmoja wa ratili 120, yaani kilo 54, mfuko wa saruji na zaidi! Huyo ndo mahasiri wa mto Kaveri na matawi yake, ana kibiongo na mapezi ya rangi ya chungwa. Sasa mabwawa ya umeme yakajengwa, baruti nazo zikapigwa mtoni (baruti watu wa pwani tunaijua, msiniangalie hivyo), samaki wakapungua. Wataalamu wakasema tuwazalishe. Nia safi kabisa. Pale Lonavala, huko huko India, wakajua kumkamua jike mayai kwa mkono, wanachanganya na mbegu za dume kwenye beseni, vifaranga vikatoka vingi vikagawiwa mito kibao. Tatizo aliyezalishwa ni mahasiri wa mapezi ya bluu, sio yule wa Kaveri, na wakammwaga Kaveri humohumo. Wa bluu akashamiri, wenye ndoana wakashangilia, mwenye kibiongo akawa anaisha kimyakimya. Na alikuwa hana hata jina la kisayansi la uhakika, mpaka 2018 ndo ikathibitika ni Tor remadevii, na mwaka huohuo akawekwa kwenye orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka. Cheti cha kuzaliwa na taarifa ya msiba vimekuja bahasha moja.

Kuna mzee hapo mbele anatikisa kichwa, kwamba mwanangu hiyo ni India, sisi shida yetu kitoweo. Haya mzee wangu, Rutamba si hapa hapa? Ziwa Rutamba, Nambawala, Mitupa, kuna perege anaitwa Oreochromis korogwe, mwenzake yuko huko Korogwe, Tanga, na katikati hapo hayupo. Sato akaletwa, watafiti walipopima vinasaba wakakuta machotara, nusu sato nusu perege. Hamkusikia baruti hapo, hamkuona maji machafu, lakini perege wenu anayeyuka taratibu.

Mtasema sato anakua haraka. Kweli, sibishi. Na mtasema si tunafuga dume tupu, hawazai. We, vile vifaranga hulishwa homoni wangali wadogo wageuke madume, na hawageuki wote, majike wachache hubaki. Bwawani sawa, ila mvua za kimbunga Hidaya, Mei 2024, mimi mwenyewe niliamka maji yamepita juu ya tuta, bwawa na bonde limekuwa kitu kimoja, samaki wangu wakaenda zao, sikuwauliza wako wapi mpaka leo.

Na perege kumzalisha hakuna ugumu, huyu sio mahasiri wa kukamuliwa. Unamshika jike kwa kitambaa kibichi, unamfungua mdomo taratibu juu ya beseni, mayai ya njano yanamwagika kama mtama, maana anayaatamia mdomoni. Chukua wazazi wa mto wako, wengi, sio dume moja na majike mawili ya shemeji, ukafanya ukoo mzima ndugu wa damu.

Chakula nilitaka nikieleze, pumba na dagaa, na bei zake pia, lakini naona naonyeshwa saa. Basi. Kambale tutamsema siku nyingine, huyo ana maneno mengi. Beseni lipo nje hapo kivulini, nimeleta majike matatu wana mayai, anayetaka kuwashika aloweshe mikono kwanza.