Alicheza, Sawa. Alikula Wapi?

Mwenyekiti, wazee wangu, ndugu zangu, asanteni. Nimeombwa niwe mfupi, na walioniomba wanajua kwamba ombi hilo halijawahi kukubaliwa.

Kila uchaguzi wa soka ukikaribia hapa kwetu, wimbo ni uleule: mpira waachiwe waliocheza mpira. Wafanyabiashara watoke, wanasiasa watoke, aingie aliyevaa daluga. Nimebishana na wimbo huu redioni, barazani na mara moja msibani, jambo ambalo halikuwafurahisha wafiwa. Leo nitabishana nao kwa kuwatumia Waingereza, kwa sababu wao walilijaribu jambo hili kabla ya wote. Chama chao cha soka, tangu 1863 hadi 1937, hakikuwahi kuwa na rais ambaye hakuwa mchezaji au mwanzilishi wa timu. Zaidi ya miaka sabini! Basi tuone walipata nini.

Ebenezer Morley namruka. Mnamjua: wakili, katibu wa kwanza, ndiye aliyeandika rasimu ya sheria za mchezo. Nataka twende Machi 16, 1872, uwanja wa Kennington Oval, London, fainali ya kwanza ya Kombe la FA. Wanderers dhidi ya Royal Engineers. Nahodha wa Wanderers ni Charles Alcock. Alcock huyu ndiye katibu wa chama, na ndiye aliyetoa wazo la kombe lenyewe mwaka uliotangulia. Ndiye pia katibu wa klabu ya kriketi ya Surrey, wenye makazi yao hapohapo Oval. Kwa hiyo mashindano yake, uwanja wake, timu yake. Upande wa pili yuko Francis Marindin, ambaye miaka miwili baadaye atakuwa rais wa chama hichohicho.

Ngojeni, sijamaliza. Wanderers walifika fainali wakiwa wameshinda mechi moja tu. Harrow Chequers walijitoa. Na Crystal Palace walitoka sare, wote wawili wakapitishwa. Na Queen's Park wa Glasgow walitoka sare tena, na Waskoti wakashindwa gharama za kubaki London kurudia mechi, wakaenda zao. Fainali ikaisha 1–0. Mfungaji aliandikwa "A. H. Chequer", yaani mtu wa Harrow Chequers, ile timu iliyojitoa! Jina lake halisi ni Morton Betts. Na bingwa, kwa kanuni za wakati huo, alikwenda moja kwa moja fainali ya mwaka uliofuata na kuchagua uwanja.

Niambieni, hayo yangetokea ligi yetu msimu huu, vijiwe vingelala? Tungesema figisu, tungetaka Waziri ajiuzulu. Marindin naye, akiwa rais, alipuliza filimbi katika fainali zote kuanzia 1884 hadi 1890. Inasimuliwa kwamba mwaka 1888 Preston walitaka wapigwe picha na kombe kabla ya mechi, jezi zikiwa bado safi, naye akawauliza kama si afadhali walishinde kwanza. Walifungwa na West Bromwich Albion 2–1.

Sasa ninayempenda kuliko wote, Arthur Kinnaird, aliyemrithi Marindin urais. Benki ya ukoo, shule ya Eton, baadaye Lodi. Ndevu nyekundu, suruali ndefu nyeupe, na rafu za kutisha. Inasimuliwa kwamba mtu wa nyumbani kwake aliogopa kuwa siku moja Arthur atarudi na mguu uliovunjika. Mwenzake mmoja akamtuliza: usihofu, hautakuwa wake. Alicheza fainali tisa za Kombe la FA na kushinda tano. Baada ya fainali ya 1882, akiwa na miaka 35, alisimama kichwa chini miguu juu mbele ya jukwaa. Hebu mfikirie kiongozi wetu yeyote akijaribu hivyo. Tungeita gari la wagonjwa.

Twende fainali ya 1877. Wanderers na Oxford University, na Kinnaird kasimama golini. Mpira mrefu unakuja, anaudaka vizuri kabisa, halafu anarudi nyuma hatua moja na kuvuka mstari nao mikononi. Goli. Kajifunga. Magazeti yaliandika goli, watazamaji waliona goli, mechi ikaenda dakika za nyongeza na Wanderers wakashinda 2–1. Mwaka huohuo Kinnaird akawa mweka hazina wa chama. Baadaye kumbukumbu rasmi za chama zikasema 2–0. Goli limeyeyuka! Inaelezwa kwamba yeye mwenyewe alishikilia kuwa hakuvuka mstari, na wenzake wa kamati wakakubali. Ilichukua karibu miaka mia moja kabla ya goli hilo kurudishwa kitabuni.

Kila nikikisimulia kisa hiki kuna anayeniambia, "Dokta, hilo ni goli moja, la miaka ya mabibi." Sawa. Lakini kulifuta goli kama hilo unahitaji mambo mawili: uwe umelifunga, na uwe umekaa kwenye kamati. Mfanyabiashara asiyejua kupiga danadana hana goli la kufuta.

Naona mzee wangu pale nyuma keshanyoosha mkono, na swali lake nalijua: "Na Tenga je?" Leodegar Tenga alikuwa nahodha wa Taifa Stars iliyocheza fainali za Afrika kule Lagos 1980, akaja kuwa rais wa TFF, shirikisho letu la soka, kuanzia 2004 hadi 2013. Mzee wangu, simkatai Tenga. Namkataa anayedhani Tenga aliongoza kwa sababu alikuwa beki. Kwanza ni mhandisi! Alcock vilevile. Fungu lake kubwa lilikuwa barua, ratiba, magazeti, na subira ya kukaa vikaoni na watu wasiopatana. Miaka 25 ya ukatibu, 1870 hadi 1895, haifanywi kwa chenga.

Na hapa ndipo swali langu linapokuja: alikula wapi? Msicheke, simaanishi kula mnakokufikiria. Nauliza mkate wake ulitoka wapi. Kinnaird, benki. Marindin, ukaguzi wa reli. Morley, na Charles Clegg aliyekuja kuwa rais baada ya Kinnaird, uwakili. Walicheza kweli, lakini hakuna aliyelala njaa kwa kukosa mechi. Mwaka 1883 Old Etonians ya Kinnaird ikafungwa fainali 2–1 na Blackburn Olympic, timu ya wafumaji na mafundi wa Lancashire. Mwaka uliofuata likalipuka la Preston, waliotolewa kombeni baada ya kiongozi wao kukiri kwamba wanalipa wachezaji. Kaskazini wakatishia kujitenga. Katika waungwana wale, aliyesimama mapema kutetea malipo ni Alcock, na Julai 1885 soka la kulipwa likahalalishwa. Kwa nini yeye? Mimi nasema ni Surrey. Pale alikuwa akifanya kazi kila siku na wachezaji wa kriketi wanaolipwa, na yeye mwenyewe analipwa kwa ukatibu. Aliona kwamba kulipwa hakumgeuzi mtu mwizi.

Wengine walihalalisha kwa mkono mmoja na kubana kwa mwingine. Kucheza kombe, mchezaji wa kulipwa alitakiwa awe amezaliwa au ameishi miaka miwili ndani ya maili sita kutoka uwanjani. Kuanzia 1901 mshahara ukawekewa kikomo cha pauni nne kwa wiki. Clegg, aliyecheza ile mechi ya kwanza ya Uingereza na Scotland kule Glasgow 1872, yeye… basi, Clegg ana mhadhara wake, mtu asiyegusa pombe anayeongoza wanywaji.

Mwenyekiti ananionyesha saa. La wanawake nalisema mbiombio, na ndilo lililostahili nusu saa. Desemba 26, 1920, watu 53,000 waliingia Goodison Park kuwatazama Dick, Kerr Ladies, timu ya wanawake wa kiwandani. Desemba 1921 chama kikazifungia timu za wanawake viwanja vyote vya wanachama wake, kikisema mchezo huo hauwafai. Marufuku ilidumu karibu nusu karne. Rais wa chama siku hiyo alikuwa Kinnaird, mwenyekiti Clegg. Wachezaji wa zamani wote wawili, tena hodari.

Nilikuwa na la chama cha wachezaji na Billy Meredith, winga wa Wales aliyekipigania, nitalisema kwenye chai. Wagombea wawili nawaona mstari wa mbele. Maswali yaanze na wao, na wasinitajie magoli yao.