Haki ya Mtoto Ina Kasma Gani?

Waheshimiwa madiwani, wenyeviti wa mitaa, walimu, wazazi wenzangu wa Dar es Salaam, na ninyi wajumbe wa Baraza la Watoto mliokaa safu ya mbele: asanteni kwa kuja.

Kila tarehe 16 Juni tunaadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika. Watoto wanaimba ngonjera, viongozi wanahutubia, picha zinapigwa. Siku hizohizo za katikati ya Juni, kule Dodoma, Waziri wa Fedha anasoma bajeti ya Serikali. Mambo haya mawili yamekaribiana hivyo kwenye kalenda, na bado sijasikia sherehe hata moja ambapo mtu amesimama akauliza: katika bajeti hiyo, mtoto amewekewa kasma gani, yaani fungu gani la fedha?

Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, ikatunga Sheria ya Mtoto mwaka 2009. Zanzibar ikawa na ya kwake mwaka 2011. Ibara ya 4 ya Mkataba inaitaka serikali itumie rasilimali zake kadiri ya uwezo wake wote. Mwaka 2016 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto ilitoa maoni yanayohusu bajeti tu: namna ya kupanga, kupitisha, kutekeleza na kufuatilia. Tatizo letu liko kwenye hizo mbili za mwisho.

Chukueni ruzuku ya uendeshaji wa shule za msingi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi uliweka shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, wakati huo karibu dola 10 za Marekani. Miaka 20 baadaye kiwango kilikuwa kilekile, shilingi 10,000, huku bei ya karatasi, chaki na mabati ikiwa imepanda mara nyingi. Na kwa utaratibu uliozoeleka, 4,000 ni za vitabu, zinazofika shuleni ni 6,000. Gawanyeni kwa miezi 12: shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Mwalimu mkuu mwenye wanafunzi 1,200 ana shilingi 600,000 kwa mwezi za mitihani, ukarabati na kila kitu. Elimu bila ada iliyoanza Januari 2016 ilijaza madarasa, na mimi ninaiunga mkono kwa moyo wote. Lakini msimlaumu mwalimu mkuu kwa michango kabla hamjaifanya hesabu hii.

Sasa niwaonyeshe panapotia moyo. Mwaka 2017 wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe, na mwaka 2022 ukasainiwa mwingine mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan. Halmashauri zilielekezwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Fedha ni kidogo, najua. Lakini tazameni ahadi hii ilivyofungwa: idadi ya watoto inajulikana, kiwango kinajulikana, aliyesaini anajulikana, na utekelezaji unapimwa kwa kadi ya alama. Kata yenye watoto 4,000 wa umri huo inahesabiwa shilingi milioni 4. Diwani anaweza kusimama kwenye Baraza la Madiwani akauliza ziko wapi, na mtaalamu hana pa kukwepea.

Ulinzi wa mtoto haujafungwa hivyo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Tukapata MTAKUWWA, yaani Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, ulioanza mwaka wa fedha 2017/18, na kamati za ulinzi hadi ngazi ya mtaa. Kifungu cha 94 cha Sheria ya Mtoto kinaibebesha halmashauri jukumu la kulinda ustawi wa mtoto. Sawa. Mtoto ameumizwa Mbagala: kuna dawati la jinsia na watoto polisi, kuna PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, kuna hospitali, kisha kuna mahakama. Kila kituo ni nauli, na mtoto anasikia njaa njiani. Nimemwona afisa ustawi wa jamii akimnunulia mtoto wa namna hiyo chapati na maji kwa fedha yake, akalipa daladala, na wiki iliyofuata kesi ikaahirishwa, akalipa tena. Kwenye mpango wa halmashauri shughuli ile ilikuwa imeandikwa na kutengewa fedha. Fedha hazikutolewa.

Ndiyo maana nawaomba, msiridhike kuambiwa “tumetenga”. Ombeni taarifa ya robo mwaka yenye safu tatu: zilizotengwa, zilizotolewa, zilizotumika. Ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kata, na nakala wapewe Baraza la Watoto, maana hawa wanajua choo kipi kimebomoka kabla hata ya mkaguzi. Ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ikitoka, tafuteni kwanza halmashauri yenu.

Mwaka wa fedha unaanza Julai, lakini mwongozo wa bajeti hutoka miezi mingi kabla, na halmashauri huandaa makisio kuanzia mwishoni mwa mwaka wa kalenda. Anayesubiri Juni amechelewa. Wenyeviti, itisheni mikutano ya mitaa kabla ya Januari, na nauli ya mtoto wa Mbagala iingie kwenye muhtasari kwa jina lake na kiasi chake, ili Kamati ya Fedha ikiikata, ijulikane ni nani ameikata.

Karibuni kwa maswali. Nianze na watoto.